Ndama Hayumo Kwenye Amri

Jumanne. Upepo wa Ruiri umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria nilizozifunika. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni uchovu wa kuingoja mahakama.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi na Baba Kendi tunaachana. Kesi iko Meru mjini na bado haijasikizwa, kwa hiyo kwa sasa tunaishi kwa amri ya muda. Hakimu aliamuru nibaki nyumbani na Kendi, yeye ahamie kwingine. Shamba lisiuzwe wala lisiwekwe rehani. Ng'ombe wetu, Bahati, abaki kwangu, na maziwa yake yawe sehemu ya matunzo yangu hadi kesi iamuliwe. Baba Kendi alibeba nguo zake akahamia kwa ndugu yake, ng'ambo ya barabara. Nikiwa jikoni naliona paa la nyumba hiyo.

Siku ile hakimu aliniuliza kama mume wangu hunipiga. Nikasema hapana. Ana mwanamke mwingine? Nikasema sijui. Akavua miwani.

"Sasa mama, shida ni nini haswa?"

"Haniambiangi anaenda wapi," nikajibu.

Watu waliokaa viti vya nyuma walicheka. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa nao.

Lakini shida ilikuwa hiyo hiyo tu. Baba Kendi hununua vitunguu kwa wakulima wa huku na kuviuza soko la Gakoromone, Meru mjini. Anatoka asubuhi kama mtu anayeenda msalani, harudi hadi keshokutwa. Simu imezimwa. Ukimuuliza anashangaa: "Si nimerudi?" Kendi alipolazwa na nimonia nilimtafuta siku mbili nzima, mwishowe nikaenda sokoni mwenyewe. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, anakula mahindi choma, hana habari. Miaka kumi na sita nimefunika sahani ya mtu nisiyejua kama anakuja.

Sasa nije kwa ndama.

Wakili wangu alipokuwa akiandika orodha ya mali kwenye hati ya kiapo, aliniuliza ng'ombe ni wangapi. Nikasema mmoja. Bahati alikuwa na mimba ya miezi minane, tumbo linakaribia kugusa nyasi, nami nikasema mmoja. Kwetu Kianjai nililelewa hivyo: kilicho tumboni hakihesabiwi, kiwe cha mtu au cha mnyama. Mama angenifinya nikitamka wawili. Wakili ni msichana wa mjini, hakuuliza zaidi.

Bahati alizaa wiki ya tatu baada ya amri kutolewa. Ndama jike, wa kahawia kama mamake, ana doa jeupe usoni. Alipofikisha wiki mbili, Baba Kendi alikuja na kamba mkononi, na nakala ya amri ameitia plastiki isichafuke.

"Soma, Mama Kendi. Oda inasema ng'ombe mmoja. Huyu hayuko hapa."

Nilisoma. Kweli hakuwemo. Akamfunga kamba, akavuka naye barabara.

Alichosahau, na mimi kwa hasira nikasahau pia, ni kwamba Bahati ana damu ya kienyeji. Asipoguswa na ndama wake kwanza, haachilii maziwa. Jioni ile nilimpa chumvi, nikamkanda kiwele kwa maji ya moto, nikamwimbia hata nyimbo za kanisa. Nilipata kikombe kimoja na teke. Yeye akilia huku, ndama akilia kule, na mimi katikati na ndoo yangu tupu, nikijiuliza kama hakimu angependa kuja kuona matunzo aliyoniamuria.

Siku ya pili yake asubuhi nikamwona Baba Kendi langoni, anamvuta ndama, macho mekundu.

"Huyu amekataa chupa kabisa. Hakuna mtu amelala kwa hiyo boma."

Nilifungua lango.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Asubuhi na jioni anavuka barabara na ndama. "Muga," anasalimu. "Muga," najibu. Yeye anashika shingo ya ndama, mimi nakamua chuchu mbili, kisha anamwachilia amalizie zile nyingine mbili. Hatuongei. Tukimaliza, anafunga kamba na kwenda zake.

Jana wakili alinipigia. Alisema tunaweza kurudi kwa hakimu kuomba ndama aingizwe kwenye amri, abaki hapa na mamake. Ni jambo dogo, akasema, litachukua siku chache tu. Nikamwambia asubiri kwanza.

Naomba niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pekee ninaposema ukweli. Sikumwambia asubiri kwa sababu za kisheria. Wiki iliyopita nilijikuta ninabadilisha leso kabla ya kwenda kukamua. Leso ya kukamulia ng'ombe! Nilijionea aibu, nikarudi ndani nikaivaa ile ya zamani. Siku iliyofuata nikavaa tena ile nzuri.

Sitaki arudi. Nalisema hili nikijua kwamba mtu anayelisema mara nyingi hajaliamini vizuri.

Leo asubuhi alimaliza kufunga kamba, akafika langoni, akasimama. Nikadhani amesahau kitu. Akageuka.

"Mama Kendi, jioni nitachelewa kidogo. Niko na mzigo wa kupeleka Gakoromone. Nitafika saa moja kasorobo. Usimfunge Bahati mapema, atachoka kusimama."

Akaenda.

Nilibaki zizini hadi povu la maziwa likaisha kwenye ndoo. Halafu nililia. Sikulia kwa furaha, na sikulia kwa hasira peke yake. Maneno yale aliyatoa kwa urahisi sana, bila hata kutafuta pumzi. Kumbe alikuwa nayo. Miaka yote ile alikuwa nayo, na ng'ombe ndiye aliyeyastahili kabla yangu.

Nimewaza siku nzima. Nimepepeta maharagwe yale yale mara mbili. Nimejiuliza kama mtu anaweza kubadilika akiwa na miaka arobaini na minane kwa sababu ya ndama. Labda anaweza. Lakini mimi ninajijua. Nikikaa hivi mwezi mmoja zaidi, nitaanza tena kufunika sahani.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla sijawasha moto, nitampigia wakili. Ndama aandikwe. Abaki hapa na mamake, na Baba Kendi asiwe na sababu ya kuvuka barabara.

Upepo umetulia kidogo. Bahati anachungulia langoni, hajafungwa bado. Nimevaa leso ya zamani, na ndoo imeoshwa.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Hajafika, na kwa mara ya kwanza sina wasiwasi. Bado robo saa.