Msumeno wa Meza Niliouchagua Mwenyewe

Baba Mwakio, mume wangu,

Leo tumepachika mlango wa mwisho wa shule ya Wusi. Tangu nirudi nyumbani Voi natafuta mtu wa kumwambia, na naona ni wewe tu.

Ulipotuacha, kazi ya milango ile ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Walimu walileta pole, kisha wakauliza kwa upole kama watafute fundi mwingine. Nikawaambia wangoje. Mdogo wako Mwadime alinitazama kama nimechanganyikiwa, maana mbao zilikuwa nyingi na tulikuwa na misumeno ya mkono tu. Nikamwambia, twende Mombasa tukanunue ile mashine uliyokuwa ukiizungumzia kila tukikaa kula.

Dukani tulikuta misumeno miwili ya meza. Mmoja mkubwa, rangi inang'aa. Mwadime akaupenda papo hapo. Wa pili ulikuwa mdogo, umetumika, meza yake ina madoa ya kutu. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nikikushikia ubao: "Meno yanakata tu, Mghoi. Kinachonyoosha ni fensi." Basi nikaenda moja kwa moja kwenye fensi, kile chuma ambacho ubao unakiegemea ukipita kwenye meno.

Fensi ya ule mkubwa niliikaza, nikaisukuma kwa kidole gumba. Mwisho wake wa nyuma ukacheza. Nikatoa futi yako, nikapima kutoka kwenye fensi hadi jino la mbele, halafu la nyuma. Vipimo havikulingana. Mwenye duka akacheka: "Mama, hiyo utarekebisha nyumbani." Nikaenda kwa ule mdogo. Nikakaza, nikalegeza, nikasogeza, nikakaza tena. Kila mara mbele na nyuma sawa. Kutu nitaisugua, nikamwambia Mwadime. Tukaununua, naye akanung'unika ndani ya treni mpaka tukafika Voi.

Karakanani tuliufunga msumeno huo kwa ukanda kwenye injini ya dizeli ya kuuzungusha. Ubao wa kwanza wa mvule niliusukuma mimi. Tukapasua vipande viwili, nikageuza kimoja, nikaviweka ubavu kwa ubavu na kuviinua juani. Hakuna mwanga uliopita katikati. Hata uzi wa mwanga, Baba Mwakio! Niligeuka nikuonyeshe, na… basi. Mwadime ndiye aliyekuwa pale. Alivichukua vile vipande, akaviinua juani mwenyewe, akasema, "Shemeji, lete mwingine."

Milango yote inafungika kwa kidole kimoja. Mwalimu mkuu alifungua na kufunga mmoja mara nyingi kama mtoto, akauliza fundi ni nani. Mwadime akaninyooshea mkono mbele ya watu wote. Sikuinamisha kichwa. Ungeniona.

Wiki ijayo nakwenda Rukanga kupima madirisha ya kanisa. Karakana haitafungwa maadamu nina nguvu, na hakuna ubao utakaotoka humo umepinda. Hiyo nakuahidi.

Pumzika sasa, mume wangu. Kazi iko mikononi mwangu.

Mkeo,
Mghoi