Jiwe Nililokupelekea Karema

Kulwa, pacha wangu,

Unalikumbuka lile shati la shule? Lilikuwa moja na sisi wawili. Mayu aliandikisha jina lako tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyetangulia kutoka tumboni mwake, na sare ilipatikana ya mtoto mmoja. Tukawa tunakwenda kwa zamu, leo wewe kesho mimi, wote kwa jina lako. Mwalimu akiita "Kulwa!" anaitika aliyevaa shati. Jioni tukirudisha ng'ombe, aliyekwenda shule alimsimulia aliyebaki kila kitu: hesabu, viboko, nani kalia, nani kasinzia. Ulikuwa unaniambia, "Usiruke kitu, wewe. Kesho nitaulizwa mimi." Nikiruka, ngumi ya bega. Ndiyo maana mpaka leo kujumlisha najua ila kugawanya kunanishinda. Kugawanya kulifundishwa kwenye zamu zako, na wewe mwenyewe hukuelewa.

Sasa nimekwenda mahali. Nakusimulia kama zamani, na sitaruka kitu.

Ulipotangulia kuja huku ziwani kutengeneza injini za boti, mimi nilibaki Maswa na Mayu na pamba. Mara ya mwisho uliponipigia simu ulicheka sana. Ulisema umepata mtu, anaitwa Skola, anauza samaki, ana mdomo kuliko Mayu. Halafu mwenye boti akampigia Mayu. Alisema ulitoka mchana peke yako kuijaribu injini uliyoimaliza kuitengeneza, upepo ukaja, na hujarudi, wewe wala boti. Akakata. Tangu hapo namba yake haikupatikana tena, na yako inasema vilevile kila nikiipiga. Bado naipiga.

Mayu akanituma nije nikutafute. Nilifika Mpanda nauli ikaisha, nikashika kibarua cha tumbaku, kwanza Katumba, kisha Sibwesa. Ni kazi ya kuinama tangu asubuhi, kuchuma majani, kuyafunga, kuyapandisha kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, na kuulisha moto usizime. Utomvu wa tumbaku unashika mikono mpaka inakuwa myeusi kama lami, na sabuni haiutoi. Mgongo wangu sasa ni wa mzee. Ukweli ni kwamba hata nauli ilipopatikana sikushuka ziwani. Niliona nikilitazama lile ziwa nitakuwa nimekuzika kwa macho yangu.

Lakini hukuniacha. Nikienda kunyoa, kinyozi akigeuza kiti, wewe huyo umekaa kwenye kioo unanitazama. Nilimzoeza anigeuzie ukutani. Na sokoni Mpanda, nikienda mjini na bosi kununua chumvi na magunia, mara kwa mara nilisikia mtu nyuma yangu anaita, "Fundi! We fundi!" Sikugeuka. Mimi si fundi wa chochote. Niliona wanamwita mwingine, nikapita zangu.

Nyumbani nako, tangu ile simu ya mwenye boti Mayu alikuwa halali na komeo. Alisema ukifika usiku usipate shida ya kugonga. Jumapili moja alinipigia, sauti imechoka.

"Doto, fisi wananusa mlangoni. Siwezi tena kulala mlango wazi. Mtafutie kaka yako mahali pa kukaa."

"Mayu, unataka nifanyeje?"

"Nyie ndio mko huko. Mimi nataka kufunga mlango."

Jumapili hiyohiyo kwenye kigango chetu wakatangaza hija ya siku moja kwenda Karema. Niliposikia jina la Karema, kijiji chako, nikajiandikisha kabla woga haujaamka.

Aliyetuongoza ni mama mmoja mnene mchangamfu, wanamwita Mama Spika, kwa sababu hatembei bila kipaza sauti cha begani. Sharti lake lilikuwa kila mmoja aje na jiwe la kujaa kiganjani, kutoka pale anapolala. Nililitoa langu mlangoni mwa bani. Lilikuwa jeusi kwa moshi.

Basi liliondoka kungali giza. Tukasali rozari, lakini dereva alikuwa na haraka na watu nao wakaanza kwenda na mwendo wa gari. Mama Spika akafoka, "Nyie wa nyuma! Rozari siyo mtangazaji wa mpira! Punguzeni!" Kisha akaeleza habari ya mawe. Jiwe la mtu aliye hai linaachwa chini, kwenye groto ya Mama Maria. La marehemu linapandishwa kilimani, linawekwa chini ya msalaba.

"Na msichanganye," akasema. "Safari iliyopita kuna dada kampandisha mume wake msalabani, kumbe mume yuko nyumbani anakunywa pombe."

"Labda ndilo alilokuwa anaomba," mtu akajibu kutoka nyuma, na basi zima likacheka. Mimi nilikuwa nimelishika langu mfukoni limepata joto kama kitu chenye damu. Sikujua litaishia chini au juu, Kulwa. Mayu alishaamua. Mimi nilikuwa bado.

Tulipoanza kuteremka milima, ziwa likatokea lote kwa mara moja. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nikatazama sakafu ya basi.

Karema ulinisimulia kwenye simu, lakini hukuniambia kuta za misheni ni nene vile. Mama Spika alituzungusha, akatuambia kwamba kabla ya mapadre pale palikuwa ngome ya askari, na kwamba zamani maji yalikuwa yanafika karibu na ukuta, ziwa likarudi nyuma lenyewe. Watu wakashangaa. Mimi nikawaza: kama ziwa linaweza kurudi nyuma namna hiyo, basi linaweza pia kumrudisha mtu. Mawazo ya kijinga. Nakusimulia tu kwa sababu nilisema sitaruka.

Baada ya misa tukapewa ruhusa tule kabla ya kupanda kilima. Wengine wakateremka ufukweni, kwa akina mama wanaokaanga migebuka. Nikawafuata, njaa inauma. Kelele zilikuwa nyingi, mafuta yanalia, wanawake wanaitana. Nilipokaribia, mmoja akaacha kugeuza samaki. Wa pili akamwangalia wa kwanza, kisha akaniangalia mimi. Kelele zikafa kwenye ule mstari, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja akasema, "Yesu na Maria," akajifunika kanga usoni.

Mwanaume aliyekuwa anashona nyavu akasimama. Hakuwa na hofu, huyo. Alikuwa anacheka.

"Fundi! Umekuja kutubu? Boti umeiuza bei gani huko Kongo?"

"Sijakuelewa, ndugu."

"Hajanielewa! Umetoroka na boti ya watu na injini yake, sasa unakuja na rozari shingoni. Huyo mwanamke wa Kongo naye umemwacha?"

Kumbe ndivyo ulivyobaki Karema, Kulwa. Sikujua. Mwenye boti hakumwambia Mayu hilo. Huku hukuwa mtu aliyepotea, ulikuwa mwizi.

Kabla sijajibu, akatokea mwanamke amejitwisha beseni. Akaliteremsha polepole mpaka chini. Alikuwa amevaa gauni jekundu lililopauka. Akaja mpaka karibu yangu kabisa, nikajua atanipiga, na nikajua ni Skola.

"Wachuuzi wangu walikuona sokoni Mpanda," akasema kwa sauti ndogo. "Nikawaambia mnasema uongo. Wakaniapia. Walikuita fundi, ukageuza mgongo. Mara ya pili wakakuita tena, ukageuza mgongo. Nikasema basi, yuko hai, na hanitaki. Sasa umefuata nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile sauti za sokoni hazikuwa za kumwita mwingine. Walikuwa wanakuita wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nakupitisha mbele yao kila mara, ukiwa mzima, umenyamaza, unamkimbia mke wako. Sura yangu ndiyo iliyotembea Mpanda ikakufanya mwizi.

"Shemeji," nikamwambia. "Walimwona Doto. Ilikuwa mimi."

"Doto yuko Maswa na mama yake. Kulwa aliniambia mwenyewe."

"Nilikuja kumtafuta."

Akaishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu. Akautazama ule weusi. Akanusa. Watu wote wanatuangalia, samaki wanaungua na hakuna anayewageuza.

"Tumbaku," akasema. "Yeye alinuka dizeli. Hata akioga, dizeli."

Akakaa chini palepale mchangani. Hakulia, Kulwa. Akaniambia kwamba boksi lako la spana analo, na kwamba kila mwezi alikuwa anazipaka mafuta zisishike kutu, huku anakutukana. Kila spana na tusi lake. Alisema matusi mengine aliyatunga mwenyewe kwa sababu yaliyopo yalimwishia. Nilikaribia kucheka, ungecheka wewe. Kisha akauliza, "Sasa kama huyo wa Mpanda ni wewe, Kulwa wangu nani amemwona?"

Yule mshona nyavu alikuwa ameshakaa, anatazama nyavu zake.

Kengele ya kupanda kilima ikagongwa. Mama Spika akatufikia, kipaza sauti begani, mdomo wazi tayari kutugombeza, akatuona, akakizima. Nikamwonesha Skola jiwe, nikamweleza la chini na la juu, nikamweleza na mlango wa Mayu. Nikamwambia yeye ndiye mwenye neno. Akisema groto, naliweka groto, na Mayu nitajua cha kumwambia.

Alilitazama. Akasema, "Mimi nilitaka awe hai hata kama ni mbwa. Lakini hakuwa mbwa." Akainuka, akakung'uta mchanga. "Twende juu."

Tulipanda na wenzangu, na wale akina mama wa samaki wakatufuata mmojammoja, wamefunga kanga viunoni, na yule mwanaume wa nyavu nyuma kabisa. Kwenye kila kituo cha njia ya msalaba tulipiga magoti. Magoti yangu unayajua, toka enzi za ng'ombe. Nilipofika chini ya msalaba nikashindwa kukifungua kiganja. Vidole vilikataa. Nilikuona tukiwa wadogo, umevaa shati na mimi kifua wazi, unaniambia leo zamu yangu, baki na ng'ombe, nitarudi jioni nikusimulie. Ulirudi kila jioni, Kulwa.

Skola hakunihimiza. Akanishika mabega akanigeuza niwatazame watu, kama mtu anavyogeuza ng'ombe mnadani.

"Mwangalieni huyu vizuri," akasema. "Mwangalieni mpaka mtosheke. Huyu ndiye mliyemwona Mpanda. Anaitwa Doto, anafanya kazi ya tumbaku. Kulwa hakwenda Mpanda, hakwenda Kongo, hakuiba boti ya mtu. Alikwenda kujaribu injini, akafa majini. Mume wangu amekufa. Anayetaka kusema lingine aseme hapa, msalaba unasikia."

Halafu yule mshona nyavu akavua kofia yake. Akaishika kifuani. Ndipo Skola alipolia, na ndipo kiganja changu kilipofunguka. Jiwe lako ni lile jeusi, upande wa ziwa. Mengine yote pale ni meupe au mekundu. Ukipita utalijua.

Kwenye basi tukirudi Mama Spika alinipa chungwa lililomenywa. Tulipomaliza kupanda milima mtandao ukarudi, jua linazama, nikampigia Mayu.

"Nimempatia mahali, Mayu. Ni juu, anaona maji. Na mke wake nimemwona."

Nikasikia kandambili za Mayu zinaburuzika sakafuni, taratibu, kisha chuma kikaingia kwenye chuma. Nilikuwa sijausikia mlio wa lile komeo tangu niondoke nyumbani. Akasema, "Haya, mwanangu," akakata.

Namna ninavyoishi sasa ni hivi. Kazi ni ileile na mgongo ni uleule. Bado nakuona kwa kinyozi, na sijui kama utaondoka. Nimemwambia aache kunigeuza ukutani. Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Mpanda, mtu akaita, "Fundi!" Nikageuka. Alikuwa mchuuzi wa samaki, jasho linamtoka, ameshajiandaa kunitukana. Nikamfuata mpaka alipo nikamwambia mimi ni Doto, na fundi Kulwa alifia ziwani akiwa kazini. Akanipa pole, akanishika mkono, hakujali ule weusi. Nitawageukia wote, hata wakiniita kila siku.

Namba yako bado sijaifuta. Hilo usinilazimishe.

Hayo ndiyo ya siku ile, yote, sikuruka kitu. Usinipige ngumi. Pumzika huko juu, na ukiwa na lolote la kunisimulia, mimi jioni nipo kwenye bani, nakaa upande wa mlangoni.

Wako uliyemwachia shati,
Doto