Matanga ya Uzunguni

Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Kwa dada yangu Mwanaisha, mama Zuhura, huko Kilwa Kivinje.

Shikamoo dada, na ukiitikia marahaba kwa sauti yako ile nitaisikia huku huku. Vipi goti? Yale mafuta ya nyonyo niliyokuletea yamesaidia, au umempaka mbuzi? Mimi ni mzima, tumbo linazidi, na Kariakoo nzima ikitaka kujua Mwingereza hulalia ubavu gani bado inakuja kuniuliza mimi Rajabu, mpishi wa Bwana Miwani. Juzi mgeni wake mmoja alikula bata wangu akatokwa na machozi pale pale mezani, akataka kuninunua pamoja na jiko langu. Bwana akakataa. Uliza mtu yeyote.

Barua yako imefika, na imeniondolea raha. Unasema Zuhura amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza, baba yake amesema neno ni la mjomba, na wewe umeapa mtoto hakanyagi meli mpaka mimi nikujibu: hao watu wana utu? Akiugua huko nani atamuuguza, na akifa nani atamlilia? Na meli yenyewe inaondoka mwisho wa wiki ijayo. Mtoto yuko kwangu hapa, sanduku lake liko mlangoni, kila nikitoka najigonga nalo muundi.

Dada, swali hilo ungeniuliza mwezi uliopita ningekujibu huku nakatakata vitunguu. Sasa nimeanza barua hii nikaiacha, nikaenda sokoni nikazunguka bila kununua hata ndimu, nikarudi. Ngoja nikueleze yaliyotokea Jumanne.

Nilikuwa nakaanga mayai. Tarishi wa posta akaleta simu ya maandishi. Bwana akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kisahani. Akala yai lake. Akaomba mkate mwingine wa kuchoma. Akavaa kofia, akaingia motokaa, akaenda ofisini. Kisha Memsahib, mkewe, akaja jikoni, akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza: "Rajabu, leo hapana pika pudini. Mama ya Bwana amekufa."

"Mama yupi, Memsahib?"

"Mama yake. Ile alizaa yeye."

"Na Bwana amekwenda wapi?"

"Kazini."

Kikaango kilinitoka mkononi. Mimi huyu, niliyeua chatu vitani Burma kwa mwiko, nilikaa chini.

Mchana Bwana hakurudi kula. Nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani, nikayasema barazani kwa Abedi, jirani yangu, yule baharia aliyekuwa akitia makaa melini na akakaa Livapuli kwa muda. Abedi hunichukia kwa kuwa yeye aliwaona Waingereza kwao, nami nawajua zaidi nikiwa hapa hapa.

"Ndiyo kwanza unaamka, mpishi?" akasema. "Wewe unamjua Mwingereza wa kupakuliwa. Mimi nimemwona kwake, anafagia njia, soksi zimetoboka. Chumba kilichopakana na changu alikaa mzee mmoja. Unajua tulijuaje amekufa? Chupa za maziwa. Muuza maziwa anaweka mlangoni, kesho anaweka tena, hazichukuliwi. Na watu wanapita, wanaziruka, wanaamkiana!"

Zuhura alikuwa kando anachagua mchele. Nikaona mkono wake umesimama juu ya ungo.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema, "Bwana wangu hafiwi kama paka na mimi nipo. Tunakwenda kukaa matanga." Abedi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mke wangu Mwajuma hakucheka, aliuliza tu tubebe majamvi mangapi. Tukakubaliana khitma hatusomi, kwa kuwa marehemu si wa dini yetu. Tutakaa tu. Kukaa na mfiwa hakuna dini.

Basi tukapanda basi, sisi na Zuhura na majirani wachache, majamvi kichwani na birika la kahawa. Abedi naye akafuata, ili aone nitakavyofukuzwa. Tukafika Uzunguni, Oyster Bay, tukatandika kwenye majani mbele ya nyumba, na Mwajuma na wenzake wakaanza kulia pole pole. Memsahib akatoka mbio, mweupe kama unga wa sembe.

"Rajabu! Hii mgomo?"

"Hapana, Memsahib. Msiba."

Papo hapo motokaa ya Bwana ikaingia. Akashuka, akatuona. Shingo ikamwiva kama pilipili.

"Rajabu, nini hii?"

"Matanga, Bwana. Ya mama yako. Tumekuja kukupa pole."

Akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena, akapita katikati yetu, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

"Haya, mpishi," Abedi akaninong'oneza, "kunja jamvi ukakaange mayai yako."

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Sikukunja lakini. Tukakaa. Mara mlango ukafunguliwa, Bwana akatoka amebeba kiti mwenyewe, mtu ambaye hajabeba hata kijiko tangu nimjue. Akakiweka kwenye majani, mbali kidogo na jamvi, akakaa ametupa mgongo. Mgongo kabisa! Uso ameuelekeza kwenye ua wa michongoma.

Hakuna aliyejua afanye nini. Zuhura akamimina kahawa, akampelekea, naye akaipokea. Mtoto hakurudi jamvini. Akakaa chini kwenye majani pembeni ya kile kiti. Memsahib akamfuata, nikasikia anamwambia, "Kwetu, mtu akifiwa, sisi naacha yeye peke yake. Hiyo ndiyo heshima."

Zuhura akauliza, "Na yeye anapenda kuachwa?"

Memsahib akautazama mgongo wa mumewe.

Tulikaa hivyo mpaka vivuli vya minazi vikafika barabarani. Kahawa yake hakuinywa. Mwisho Bwana akasimama, akasema, "Asanteni," akachukua kiti chake akaingia.

Njia nzima ndani ya basi ni ugomvi. Abedi: "Ametupa mgongo, tusi kubwa kuliko hilo lipi?" Mwajuma: "Mabega yalikuwa yanatetemeka, wewe huna macho?" Abedi: "Upepo wa bahari huo!" Na mimi mjuzi wa Waingereza wakaniuliza, nikajifanya nasinzia. Asubuhi yake Bwana alisema jambo moja tu: mayai yamekauka.

Nilimuuliza Zuhura, "Umewaogopa?" Akasema, "Mjomba, kama mzima wao anaachwa peke yake hivi, mgonjwa wao je? Ndiko anakotakiwa muuguzi." Tangu hapo napiga miguu chumbani, mke wangu anasema nitatoboa sakafu.

Msalimie shemeji yangu, mume wako, mwambie nyavu zake ziko kwa fundi. Msalimie mwalimu wetu wa chuoni aliyenichapa bure. Msalimie mama mdogo muuza vitumbua, na Hamisi fundi seremala, na yule mkwe wetu anayekoroma. Nawasalimu wote hivi, dada, kwa kuwa naogopa kulifikia neno lenyewe.

Neno ni hili. Uliuliza nani atamlilia. Kule hakuna atakayemlilia kama tunavyolia sisi, nisikudanganye. Pengine watampa mgongo. Lakini nimemwona mwanao akikaa pembeni ya mgongo ule bila kuambiwa, na mwenye mgongo hakumwondoa. Aende. Nimesema mimi mjomba, na likiharibika nishikwe mimi.

Panda lori la kwanza uje umuage. Na usijikaze bandarini, dada. Lia mpaka nahodha ashuke kuuliza kuna nini, na mimi nitakuwa kando yako nalia kukushinda.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Rajabu Salumu, mpishi.