Wajukuu Waliofutwa Kwenye Kompyuta

Mishi, huyu bosi wetu mpya atatuulia watoto!

Ile kompyuta kuukuu ya zahanati imejaa, haipokei mgonjwa mpya. Sasa yeye, ili apate nafasi, amefuta kila jina lililojirudia. Umri hata hakuutazama! Ati "ni mtu mmoja, kaandikwa mara mbili."

Mara mbili! Kwale hii, ambako wajukuu hupewa majina ya bibi zao!

Leo kaletwa Mwanapili, yule mdogo wa Kinondo ambaye penisilini humvimbisha koo. Kompyuta haikunionya chochote. Nilikuwa nimeshashika sindano, Mishi, nimeshaishika! Mamake ndiye aliyepiga kelele.

Nikamwendea bosi. Ananijibu, "Mwanapili si huyu hapa? Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Yumo kweli.

Ni bibi yake, tuliyemzika Ramadhani.