Mwavuli wa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Julai 1955

Maji ya bomba yameganda tena. Tumesimama foleni mpaka jua lilipopanda. Nimerudi na ndoo moja na vidole visivyohisi kitu. Gwakisa ameondoka bila chai, kawahi kufungua duka la baiskeli, maana tajiri wake hapendi kukuta mlango umefungwa. Nimefuma sweta ya mke wa karani. Umebaki mkono mmoja.

Jioni Gwakisa amerudi mbio kutoka mazoezini. Kuna mgeni mjini. Ametoka Rhodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba, anatafuta vijana wa kuchezea timu ya mgodi. Anaitwa Bwana Phiri. Ana kofia na koti la kijivu. Alikaa kwenye jiwe mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza yule winga wa kushoto asiye na viatu ni mtoto wa nani.

Mtoto wa nani. Mume wa nani hakuuliza.

Alhamisi, 7 Julai

Bwana Phiri amekuja nyumbani. Amekunywa chai vikombe vitatu na kusifu migodi bila kupumua. Kazi nyepesi stoo asubuhi, mpira mchana, mshahara kila mwezi, nyama kila wiki. Nyumba ya matofali kwa aliyekuja na mke. Aisifuye mvua imemnyeshea, huyu imemlowesha kabisa.

Ana nafasi mbili tu. Moja amekwisha kumpa kipa wa Iringa, kijana wa Kihesa anayeitwa Chengula. Ya pili ataamua Jumamosi ya wiki ijayo, Iringa watakapokuja kucheza hapa. Na ana sharti. Hamchukui kijana bila baba yake kutamka mbele yake kwamba amekubali. Aliwahi kumchukua mmoja kimyakimya, wazee wakamfuata na mapanga.

Gwakisa hakulala. Mimi nililala. Niliota nyumba ya matofali, ina madirisha mawili na bomba lisiloganda.

Jumamosi, 9 Julai

Baba mkwe anakuja kutoka Tukuyu. Atakaa hapa mpaka mechi ipite.

Chumba na sebule. Atakaa wapi, na mimi nitakaa wapi?

Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, wala hasikiwi naye. Akipita, unaingia migombani. Mkikutana njiani ghafla, kila mtu anageuka. Miaka miwili nimeolewa na baba mkwe ninamjua kwa mgongo: koti jeusi, mabega mapana, mwavuli. Ni mzee wa kanisa. Mchungaji alihubiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Baba mkwe aliitikia amina, halafu nilipotokea mlangoni akageuka na kufungua mwavuli.

Na jina lake silitamki. Mji mzima wa Mbeya unamwita mume wangu kwa jina la ukoo, ambalo ndilo jina la baba yake. Uwanjani watu wanalipigia kelele mpaka milimani. Mimi tu nisiyeweza. Hata hapa, kwenye daftari langu mwenyewe, siliandiki.

Bwana Phiri ameleta viatu vya mpira. Anasema mgodini hakuna kucheza pekupeku, kwa hiyo Jumamosi ijayo Gwakisa avivae. Amevijaribu nyuma ya nyumba. Anakimbia kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nimecheka hadi nikakaa chini. Hakufurahi.

Jumanne, 12 Julai

Nimehamia kwa jirani.

Bi Zuhura amenipokea kwa mikono miwili. Wazee wake walitoka pwani na misafara, mumewe anauza nguo sokoni. Amenionyesha kitanda cha kamba na kuniambia niishi kama kwetu. Napika huku kwake, Gwakisa anakuja kuchukua sufuria. Nimefukuzwa nyumbani kwangu na mtu ambaye hajawahi hata kunisema vibaya.

Bi Zuhura haamini. Kwao mke wa mtoto anambusu baba mkwe mkono na kumwekea mto mgongoni. Ameniuliza mzee akiugua peke yake ndani, na mimi niko nje? Nikasema nitamwita mtu. Akiwa anakata roho? Nitakimbia kumwita mtu. Ametikisa kichwa na kusema Wanyakyusa mmejaa heshima mpaka inawamwagikia.

Kupitia ufa wa uzio nimeuona mwavuli umeegemea mlango wangu.

Alhamisi, 14 Julai

Baba mkwe amesema.

Gwakisa alikuja kuchukua sufuria, akaninong'oneza kwenye uzio. Mzee anakubali kijana aende, kama atachaguliwa. Lakini mke ashuke Tukuyu, akae kwa mama mkwe, alime na kuchuma kahawa mpaka mumewe arudi. Ndivyo wanavyofanya wote.

Ndiyo, wote. Dada yangu Subilaga mumewe alikwenda Johanesbagi. Aliandika mwaka wa kwanza tu. Dada bado anaanika blanketi lake kila Jumamosi lisiingie kunguni. Mimi nitazaa na nani kule Tukuyu, na mgomba?

Nilimuuliza Gwakisa alijibu nini. Akasema hakujibu kitu. Mume wangu uwanjani ni simba, mbele ya baba yake ni kondoo. Nikampa sufuria bila mwiko.

Kusema mwenyewe siwezi. Mama mkwe ndiye angenisemea, naye yuko Tukuyu na mguu mbovu. Bi Zuhura amejitolea. Alimsimamisha mzee njiani akamweleza kwamba mke ni wa kukaa na mumewe. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru kwa mboga alizompelekea, akaenda zake.

Ijumaa, 15 Julai

Akicheza vibaya kesho, atabaki. Tutabaki wote hapa, na bomba letu linaloganda.

Hilo lilinijia nikisonga ugali. Nikaliona zuri. Nikajichukia mpaka ugali ukashika chini.

Jumamosi, 16 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Lori la Iringa liliingia saa sita, wachezaji wamejaa vumbi mpaka kope. Huyo Chengula ni mrefu kama nguzo ya simu. Gwakisa alipita kwenye uzio ameshika viatu mkononi. Aliniuliza kama nitakuja. Mimi husimama nyuma ya goli la upande wa mlima, kila mechi. Nikasema nitakujaje, na baba yako yupo? Akaenda ameinamisha kichwa.

Bi Zuhura ndiye aliyenipa akili. Alitoa buibui lake la zamani, akanifunika yakabaki macho tu. Akasema hata mama yangu mzazi angenipisha njia. Nikaenda.

Uwanja ulifurika. Nikajipenyeza kwenye kundi la akina mama wa sokoni, karibu na mstari. Sikutazama nyuma. Laiti ningetazama.

Gwakisa alicheza vibaya. Vibaya sana. Viatu vilimshinda. Alipewa mpira, akateleza. Akapewa tena, akaupiga kwa kisigino ukatoka nje. Na kila wakati alitazama goli la upande wa mlima, mahali pangu, na mahali pangu palikuwa patupu. Watu waliokuwa wakiliita jina lake wakaanza kucheka. Bwana Phiri akatoa saa mfukoni akaitazama. Iringa wakafunga goli moja.

Kilikuwa kipindi cha pili, na nilikuwa nimekwisha kupata nilichokitaka jana. Angebaki. Ningenyamaza tu.

Alianguka tena, mbele yangu hasa. Alikaa chini akiitazama miguu yake kama si yake. Sijapata kumwona na uso ule. Nikasahau Tukuyu, nikasahau buibui, nikasahau mama yangu alinifundisha nini. Nikapaza sauti kwa Kinyakyusa, na nikamwita kama mji mzima unavyomwita. Nililitamka jina lile. Nikasema avue viatu hivyo, avue sasa hivi, acheze kama alivyozaliwa.

Akanisikia. Akacheka. Akavivua na kuvitupa nje.

Na nyuma yangu, hatua mbili, mzee mmoja aligeuka kwa sababu ameitwa jina lake. Koti jeusi. Sikuona uso. Niliona mwavuli ukifunguka katikati yetu.

Gwakisa alifunga mara mbili. La pili lilimpita Chengula katikati ya miguu. Watu waliingia uwanjani wakambeba. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya lile buibui, nalia, sijui kwa furaha au kwa hofu. Nilipoinuka, mwavuli ulikuwa umekwenda.

Jumapili, 17 Julai

Sikuenda kanisani. Yeye yupo kule.

Bwana Phiri amemchagua Gwakisa. Viatu amesema atafundishwa hukohuko. Amebakiwa na kitu kimoja, neno la mzee, na mzee tangu jana hajafungua kinywa. Hakula ugali. Nilijua hivyo maana sufuria imerudi nzito.

Nimemtukana mbele ya watu. Nimelitamka jina lake uwanjani, nami nimevaa nguo ya kuazima kama mwizi. Sasa ataninyima mume, au atamnyima Gwakisa safari, au vyote viwili. Maji yakimwagika hayazoleki. Gwakisa amekuja kunishukuru, nikamfukuza.

Kwetu ukimkosea baba mkwe hivyo unatuma kuku. Nimemnunua jogoo mwekundu, mnono. Bi Zuhura ndiye aliyempeleka. Alimweka mlangoni, akasema huyu ametoka kwa mwenye kosa. Mzee akamfunga jogoo kwenye mguu wa kiti chake.

Jumatatu, 18 Julai

Asubuhi nilikuwa natwanga mahindi uani kwa Bi Zuhura. Nikasikia kikohozi upande wa pili wa uzio. Nikaganda na mchi mkononi.

Kisha akaanza kusema na jogoo.

"Wewe jogoo," alisema. "Mwambie mwenye sauti ile kwamba viatu hata mimi niliviona. Nilinyamaza nikilinda heshima yangu, na kijana wangu anaaibika mbele ya watu."

Jogoo akawika. Mzee akamngoja amalize.

"Mwambie hivi. Alijua kijana akifunga, yeye ataachwa Tukuyu. Nilikwisha kuamua, naye alijua. Akaita hata hivyo. Mtu kama huyo siwezi kumweka migombani achume kahawa. Waende wote wawili."

Nilishika mdomo. Sikuruhusiwa kujibu.

Nikadhani amekwisha.

"Na jina langu," akamwambia jogoo, "alilitamka vizuri."

Nikainua mchi nikatwanga mara moja, kwa nguvu zote. Ndicho nilichokuwa nacho. Upande wa pili nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu niolewe. Baba mkwe alicheka. Anacheka kama Gwakisa hasa, anaanzia puani.

Alikwenda kutamka kwa Bwana Phiri kabla ya chakula cha mchana, na Gwakisa akatia saini. Jogoo aliyebeba maneno yangu na yake ameliwa jioni. Paja moja liliwekwa kwenye bakuli, likavushwa uzio, likaja kwangu.

Ijumaa, 22 Julai

Mzee amerudi Tukuyu. Nimelala kwangu. Nimemaliza mkono wa sweta. Nina furaha na nina woga, na furaha ndiyo kubwa.

Jumatano, 27 Julai. Tunduma, jioni

Tumefika mpakani. Lori limelala hapa. Gwakisa anaota moto na Chengula, wanabishana juu ya goli la pili. Chengula anasema jua lilimpiga machoni. Gwakisa anasema jua lilikuwa mgongoni kwa Chengula. Wamelibishania tangu Mbeya, na nadhani watalibishania mpaka wazeeke.

Bi Zuhura amenipa buibui lile. Amesema huko mbele huenda nikakutana na mkwe mwingine.

Baba mkwe alipanda kutoka Tukuyu kutuaga. Alikuwa stendi kabla yetu. Gwakisa alichuchumaa mbele yake, akawekewa mkono kichwani, wakasemezana polepole. Mimi nilisubiri nyuma ya ukuta wa duka na mizigo. Kisha mzee akaenda kando, akaligeuzia lori mgongo, akafungua mwavuli. Mvua hakuna, jua lilikuwa bado halijatoka. Alifungua ili mimi nipite.

Nikapita. Nikapanda juu ya magunia, nikakaa nikimtazama. Koti limepauka mabegani. Sikuwahi kuliona kwa karibu hivyo.

Lori lilipoanza kuondoka, mkono wake mmoja ulikuja nyuma, ukakaa mgongoni, ukafunguka na kufumba, ukafunguka na kufumba. Nikapunga na mimi. Hakuweza kuona.

Chengula aliuliza yule mzee anampungia nani huku ametazama ukuta. Nikamwambia ananipungia mimi.