Mguu Mmoja wa Suruali

Jumapili, 4 Mei

Fundi wangu,

Mama yako kaniita chumbani leo, akafunga mlango. Anataka tuwe na jibu moja. Wakiuliza ulikufa na nini, tuseme presha. Mwanamume na saratani ya titi! Watu watatucheka, mkwe wangu.

Nikamwambia, mama, wenye meno wacheke. Mimi sisemi presha. Presha yako ilikuwa nzuri kuliko yangu! Titi liliugua, likakatwa, kidonda kikapona. Kilichokuua ni donge la damu. Daktari alinieleza tulipokuwa tumeshachelewa – vile vidonge vya homoni vya kila asubuhi huweza kugandisha damu mguuni, donge likapanda mpaka mapafuni. Si kwa kila mtu. Kwako, ndiyo.

Mdogo wako alikuwa sebuleni, alisikia yote. Naye ana ugonjwa huohuo, anameza vidonge hivyohivyo. Anajua mama, najua mimi, basi.

Jumanne, 6 Mei

Nimepita dukani kwenu kuchukua mkasi wako. Cherehani yako imeshika vumbi. Nimeifuta.

Shemeji alikuwa anafumua suruali yake mwenyewe. Mguu wa kushoto tu. Eti imembana, kitambaa kimenywea. Nikamuuliza – kimenywea mguu mmoja?

Fundi wangu! Wewe ulifanya vilevile! Ulifumua mshono, ukaongeza upana, ukapiga pasi, ukajisifu kwamba fundi hakosi dawa. Ninyi mafundi nguo ikiwabana hamuulizi mwili, mnauliza mshono. Suruali ilikukaa vizuri. Wewe hukumaliza wiki.

Nikavuta utepe shingoni mwake, nikampima miguu yote miwili. Wa kushoto umezidi vidole viwili.

"Ni hii pedali, shemeji! Nakanyaga kutwa."

"Pedali unakanyaga kwa mguu mmoja?"

Mteja akadakia: "Leo fundi kapimwa yeye! Atashonewa gauni?" Sikucheka.

Hospitali hataki. Hawezi kukaa benchi moja na akina mama wanaomkodolea kifua.

Jumatano, 7 Mei

Mama anasema ni misuli, akandwe kwa maji ya moto. Hakandwi mtu, donge lisije likapanda! Maji nimeyamwaga nje, karai nimelificha. Mama anasema siku hizi nimekuwa mkali. Ndiyo.

Alhamisi, 8 Mei

Amekubali!

Si kwa kelele zangu. Nilimkumbusha tu siku ile nesi alipoita kwa mazoea, "Mama anayefuata!" nawe ukasimama na ndevu zako zote: "Abee!" Benchi zima hoi kwa kicheko. Mama mmoja akakushika bega, akakwambia karibu chamani. Shemeji akacheka. Kisha akalia. Kisha akatafuta viatu.

Mama yako kasimama mlangoni. Majirani wakiuliza, je? Nikajibu kwa sauti, wasikie hukohuko madirishani: "Titi, mama! Anatibiwa titi, na mguu umevimba, tunawahi!" Dirisha moja likafungwa, pa! Mama akatutazama. Akaingia ndani, akatoka na koti lako. Akamvisha mwanawe, akafunga vifungo vyote kama anakwenda shule.

Sasa niko koridoni. Daktari kaugusa mguu tu, uso ukambadilika. Kamkataza hata kutembea. Wamemdunga sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, wamemlaza kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupimwa. Anahema kidogo. Hiyo siipendi. Wewe ulianza hivyohivyo.

Nesi alipoita, "Mama anayefuata," akainua kichwa palepale kitandani. "Abee," akasema. Sauti ndogo, lakini koridoni tulisikia wote. Mlangoni akanishika mkono – shemeji, lolote likitokea, usiseme presha.

Suruali yake wamemvua, ninayo hapa magotini, mshono wa kushoto uko wazi. Uzi na sindano vimo mkobani. Siishoni! Mguu urudi ulivyokuwa, atoke, aishone mwenyewe.

Mlango bado umefungwa. Kila viatu vikisikika nasimama.

Fundi wangu, huko uliko, utukumbuke.