Ganzi Isiyongojewa

Jumatatu, tarehe 3
Nimekata mabuibui mawili ya wateja, la tatu nimeliharibu. Akili haiko. Tangu ajifungue Ijumaa, binti yangu Rahma hawezi kukaa. Anamnyonyesha mtoto kalala ubavu. Leo ndiyo kasema: aliposhonwa pale alipochanika alisikia kila mchomo. Muuguzi alimdunga sindano ya ganzi, papo hapo akaanza kushona. Hasira nilizonazo, nimeuweka mkasi chini.

Jumanne, tarehe 4
Nimekwenda hospitali. Muuguzi mwenyewe msichana tu, ana haraka kama anafukuzwa. Ati alimtia ganzi. Kudunga alidunga, nani kakataa? Lakini kutia ganzi si kuchoma sindano ukaendelea na lako. Ungoje nyama ife, uifinye, umuulize mtu. Hakungoja! Akanijibu, "Mbona hakusema kitu, Bi? Hata kuguna hakuguna." Nimetoka bila kuaga. Hana adabu, hana huruma.

Alhamisi, tarehe 6
Nyuzi mbili zimeachia. Daktari anataka ashonwe tena kesho kutwa. Rahma hataki, anasema bora aoze. Nikamfokea: mbona hukupiga kelele siku ile? Akanitazama.

"Si wewe na somo yangu aliyenifunda mlonambia? Mwanamke akilia leba, anamwaibisha mamake."

Kweli. Nilikuwa nje kwenye benchi na mama wengine. Binti zao mayowe, wangu kimya. Nikavimba kichwa. Mwanangu anashonwa mzima mzima, mimi najisifu. Najichukia. Somo namchukia, na aliyenifunda mimi namchukia, Mungu amrehemu.

Ijumaa, tarehe 7
Kakataa tena. Mwili una moto. Nimemwomba radhi. Sijapata kumwomba radhi mtoto niliyemzaa. Akambadilishia mtoto ziwa.

Jumamosi, tarehe 8
Asubuhi kakubali, kwa sharti niingie naye. Muuguzi yule yule. Akadunga, akashika sindano ya kushonea. Alipogusa tu, Rahma akapiga ukelele: "Bado! Nnaumia!" Nikamwambia muuguzi umesikia. Akaweka vyombo chini, akaongeza dawa. Tukangoja sote watatu. Akafinya. Rahma akasema hasikii kitu. Ndipo akashona.

Nilipotoka, bibi mmoja kwenye benchi akaninong'oneza, binti wa nani yule aliyekuwa akipiga kelele. Nikamwambia wangu.